BENJAMIN ROBINS: MTOTO WA MASKINI ALIYEPIMA NGUVU YA HEWA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mpenzi msomaji, ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule hii akutajie mabingwa wa Fizikia, atakutajia Newton, Galileo na Archimedes kabla hujafumba jicho. Lakini mtajie Benjamin Robins uone! Atakukodolea macho kana kwamba umemtajia jina la mtaa asioujua. Hata hivyo, huyu bwana ndiye aliyetuonyesha kwamba hewa, hii hii tunayoivuta bila kuilipia, ina nguvu za kuikamata risasi njiani na kuipotosha. Ukiwa umewahi kujiuliza ni kwa nini upepo unaovuma kutoka upande mmoja huisukuma risasi ndogo hadi ikakosa shabaha mbali, basi jibu lake linaanzia kwa mtu huyu. Hebu tufuatane.

KUZALIWA NA KUJISOMESHA

Benjamin Robins alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Bath, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mshonaji nguo, tena maskini. Wazazi wake walikuwa waumini wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker. Sisi hapa Kenya tunayafahamu vizuri madhehebu haya, hasa ndugu zetu wa magharibi, kwa maana misheni ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902. Marafiki wanajulikana duniani kote kwa jambo moja kubwa: hawataki vita. Likumbuke jambo hilo, msomaji, kwa sababu tutalirudia baadaye.

Kijana Benjamin hakupata kusoma chuo kikuu. Karo ingetoka wapi? Alijisomea mwenyewe. Alijifunza hesabu na lugha kwa bidii, na alipokuwa bado kijana mdogo kazi zake zilipelekwa London kwa Daktari Henry Pemberton, msomi aliyesimamia toleo la tatu la kitabu kikuu cha Newton. Pemberton alipoona hesabu zile alitambua kwamba huyu si mtu wa kawaida. Robins akahamia London, na kule akawa anafundisha hesabu ili apate riziki.

Mwaka 1727, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Hebu fikiria! Miaka 20 ni umri ambao wengi wetu tutakuwa ndio kwanza tunatafuta njia baada ya mtihani. Mwaka uliofuata alimkosoa hadharani Johann Bernoulli, mwanahisabati mashuhuri wa Ulaya, kuhusu sheria za mwendo. Mwaka 1735 aliandika kitabu cha kutetea hesabu za Newton baada ya Askofu Berkeley kuzishambulia mwaka 1734. Kwa hivyo Robins hakuwa mtu wa kuogopa wakubwa.

Lakini kazi ya kukaa ndani na kufundisha ilimchosha. Akatoka nje akawa mhandisi. Alishughulika na vinu, madaraja, bandari na kukausha ardhi yenye maji. Hapo ndipo alipoanza kufikiria pia ngome, na kutoka kwenye ngome akafika kwenye mizinga na bunduki.

WAKATI WA ROBINS WATU WALIAMINI NINI?

Hapa inabidi tuelewe hali ilivyokuwa. Mwaka 1638 Galileo alikuwa ameonyesha kwamba kitu kikirushwa huenda kwa njia ya upinde ulio sawa pande zote mbili, ule tunaochora katika Hisabati na kuuita parabola. Galileo mwenyewe alijua kwamba hesabu hiyo inafaa tu pale ambapo hewa haizuii kitu. Newton naye mwaka 1687 alieleza kwa kirefu jinsi hewa inavyokinza vitu vinavyopita ndani yake. Lakini wapiga mizinga wengi walisema, eti hewa ni nyepesi mno, risasi ni nzito, kwa hivyo hewa itafanya nini? Wakaendelea kutumia parabola tu.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyeweza kupima kasi ya risasi. Jicho haliioni. Saa za wakati ule hazingeweza kugawanya sekunde vipande vipande. Utapimaje kitu ambacho kimeshafika kabla hujasema moja?

PENDULAMU YA ROBINS

Robins alipata njia, tena njia rahisi ajabu. Alichukua ubao mnene, akaufunga kwenye kipande cha chuma na kuuning'iniza ubembee kama bembea ya watoto. Kitu chote kilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Chini yake aliweka utepe mwembamba uliovutwa kadiri ubao ulivyorudi nyuma. Kisha akaupiga ubao risasi kutoka karibu.

Risasi iliingia ndani ya mbao na kukwama humo. Ubao ukarudi nyuma, utepe ukavutwa, naye Robins akapima urefu wa utepe. Sasa wanafunzi wa Fizikia, mnakumbuka somo la vitu viwili vinavyogongana na kushikamana? Uzito wa risasi ukizidishwa kwa kasi yake kabla ya kugonga ni sawa na uzito wa vyote viwili ukizidishwa kwa kasi yao ya pamoja baada ya kugonga. Kasi ya ubao ni ndogo, inapimika. Uzito wa risasi na wa ubao unajulikana. Kwa hivyo kasi ya risasi inapatikana kwa kuzidisha na kugawanya tu! Kitu kisichoonekana kikapimwa kwa kitu kizito kinachobembea polepole.

Halafu akafanya jambo la pili. Akaisogeza pendulamu mbali zaidi na mtutu, akapiga tena, akalinganisha. Kadiri umbali ulivyozidi, ndivyo risasi ilivyofika ikiwa imepunguza kasi. Kilichoipunguza ni nini kama si hewa?

Matokeo yalishangaza watu. Risasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 19 na uzito wa gramu 38 hivi, ikienda kwa kasi ya mita 500 kwa sekunde, ilizuiwa na hewa kwa nguvu inayofikia mara 120 ya uzito wake yenyewe. Mara 120! Kwa hesabu ya parabola risasi kama hiyo ingeweza kuruka zaidi ya kilomita 25. Kumbe kwa hakika haikufika hata kilomita moja. Yaani ile hewa iliyodharauliwa ilikuwa inakula karibu safari yote.

Aidha aligundua kwamba risasi ikifikia kasi ya sauti, yaani kama mita 340 kwa sekunde, ukinzani wa hewa hupanda ghafula na kuwa karibu mara tatu ya ule uliotarajiwa. Leo tunajua kwamba jambo hili hili liliwasumbua wahandisi wa ndege miaka 200 baadaye. Robins alilikuta kwa kutumia ubao na utepe.

Mambo haya aliyachapisha mwaka 1742 katika kitabu chake kuhusu kanuni mpya za upigaji mizinga.

KUNYIMWA KAZI

Utadhani mtu kama huyu alipewa cheo mara moja. Wapi! Mwaka 1741 serikali ya Uingereza ilifungua chuo cha kijeshi huko Woolwich. Robins aliomba nafasi ya kufundisha, na kitabu chake kilitokana na masomo aliyokuwa ameyatayarisha. Nafasi ikapewa mtu mwingine. Robins alikuwa ameandika vijitabu vya kumpinga Waziri Mkuu Robert Walpole, na mwaka 1742 aliwahi kuwa katibu wa kamati ya bunge iliyochunguza mwenendo wa Walpole. Wengi wameona kwamba siasa ndiyo iliyomponza.

Lakini chema chajiuza. Mwaka 1745 Leonhard Euler, pengine mwanahisabati mkuu kuliko wote wa karne hiyo, alikitafsiri kitabu cha Robins kwa Kijerumani akiwa Berlin, tena akaongeza maelezo yake hadi kitabu kikawa kikubwa mara kadhaa kuliko cha kwanza. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kifaransa, na kijana Napoleon Bonaparte alikuwa miongoni mwa waliokisoma katika shule ya mizinga huko Auxonne. Mwaka 1746 Royal Society ilimtuza Robins nishani ya Copley, nishani kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

RISASI INAYOPINDA

Robins aliona kitu kingine cha ajabu. Bunduki ile ile, baruti ile ile, mtu yule yule, lakini risasi moja huenda kushoto na nyingine kulia, hata siku ambayo hakuna upepo. Kwa nini?

Akasema kwamba risasi ya mviringo inapopita ndani ya mtutu hujisugua upande mmoja na kuanza kuzunguka. Ikitoka nje ikiwa inazunguka, hewa huisukuma kando. Ili kuthibitisha, alichukua mtutu akaupinda kidogo kuelekea kushoto karibu na mdomo wake. Mbele yake akaweka karatasi nyembamba, moja nyuma ya nyingine, ili risasi iache tundu kila inapopita. Kila mtu angetarajia risasi iende kushoto, sivyo? Ilianza kweli kwenda kushoto. Kisha ikajikunja hewani, ikavuka na kupiga ukuta upande wa kulia! Karatasi zikawa mashahidi.

Euler hakukubali. Alifikiri risasi zilipotoka kwa sababu hazikuwa za mviringo kamili. Hapa bingwa ndiye aliyekosea na mtoto wa mshonaji akawa sahihi. Hata hivyo, heshima ya jina ilikwenda kwa mwingine, Mjerumani Gustav Magnus, aliyelichunguza jambo hili mwaka 1852. Mchezaji wetu wa mpira anapopiga mkwaju wa adhabu, mpira ukazunguka na kupinda ukiwazunguka walinzi hadi wavuni, sisi hupiga kelele bila kujua kwamba tunashangilia jaribio la Robins.

Dawa ya kupinda huku aliieleza mwaka 1747. Kama risasi itachongewa mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, itatoka ikizunguka kama pia, mhimili wake ukielekea mbele, nayo itashika njia yake. Alipendekeza pia risasi yenye umbo la yai. Alitabiri kwamba taifa litakaloelewa kwanza siri ya mitutu hiyo litawapita wengine vibaya sana vitani. Miaka 100 hivi baadaye, majeshi ya Ulaya na Marekani yalianza kutumia bunduki hizo kwa wingi, na utabiri ukatimia kwa damu.

SASA TUJE KWENYE UPEPO

Robins hakutuachia kanuni ya upepo, lakini alituachia ufunguo wake, nao ni ukinzani wa hewa. Mfaransa Isidore Didion, katika karne ya 19, ndiye aliyeiweka kanuni yenyewe, na mpaka leo inatumika.

Wengi wetu tungefikiri hivi: upepo unavuma mita 4.5 kwa sekunde kutoka kando, risasi inakaa hewani sekunde 0.8, basi itasukumwa mita 3.6. Si kweli. Risasi si unyoya wa kuku. Risasi inayozunguka huelekeza ncha yake kule hewa inakotokea. Upepo ukivuma kando, hewa huijia risasi kutoka mbele na kando kidogo. Kwa hivyo ule ukinzani unaoirudisha nyuma huivuta pia kando kidogo. Bila ukinzani, hakuna kusukumwa kando.

Ndiyo maana Didion alisema tusihesabu muda wote wa safari. Tuhesabu ule muda uliopotezwa tu. Chukua risasi ndogo ya milimita 5.56 inayotoka kwa kasi ya mita 940 kwa sekunde. Kama hewa isingekuwako, ingemaliza mita 500 kwa sekunde 0.53. Kwa kuwa hewa ipo, hutumia kama sekunde 0.8. Imechelewa sekunde 0.27. Zidisha kwa upepo wa mita 4.5 kwa sekunde, utapata mita 1.2 hivi. Upepo huo si dhoruba, ni ule wa kutikisa majani na vijiti vya mti. Lakini mita 1.2 ni kubwa kuliko upana wa kifua cha mtu yeyote! Mlenga shabaha asiyejua jambo hili atapiga hewa siku nzima na kulaumu bunduki.

Tena umbali ukizidi mara mbili, kusukumwa hakuzidi mara mbili tu. Huzidi mara nne au zaidi, kwa maana risasi inazidi kuchelewa. Risasi nyepesi na ndogo huumia zaidi kuliko ile nzito na ndefu, kwa sababu hewa huipokonya kasi upesi. Na upepo ulio karibu na mpigaji una madhara zaidi kuliko ule ulio karibu na shabaha, kwani risasi ikishapotoshwa mapema huendelea kupotoka njia yote iliyobaki. Ndiyo sababu katika mashindano ya kulenga shabaha bendera ndogo hupandwa uwanjani, na mpigaji huzitazama kama nahodha wa jahazi anavyotazama tanga.

Kuna kichekesho kimoja. Ile bunduki ndogo ya mashindano, ya kipenyo cha milimita 5.6, ina risasi za aina mbili: zinazotoka polepole kuliko sauti, na zinazotoka kwa kasi kuliko sauti. Ungedhani ile ya kasi itashinda upepo. Kumbe kwa mita 100 ile ya kasi hupotoshwa zaidi, kwa sentimita tatu au nne hivi! Sababu ni ile ile aliyoiona Robins: karibu na kasi ya sauti ukinzani hupanda ghafula, risasi ikachelewa zaidi kuliko ndugu yake wa polepole. Haraka haraka haina baraka, hata kwa risasi.

SIKU ZA MWISHO

Mwaka 1749, London ilipofanya sherehe ya amani kwa fataki kubwa, Robins alipanga watu wapime fataki zilipaa juu kiasi gani kwa kutumia pembe, kama tufanyavyo sisi kupima urefu wa mlingoti wa bendera. Mwaka huo huo Kampuni ya India Mashariki ilimwajiri kuwa mhandisi wake mkuu. Alifika India mwaka 1750, akaanza kupanga ngome za Madras na Fort St. David. Homa ikamshika mwaka huo huo. Akapata nafuu, akarudi kazini, ikamrudia. Alifariki tarehe 29 Julai 1751 huko Fort St. David, akiwa bado anaandika taarifa za kazi yake. Alikuwa na miaka 44. Hakuwa na mke wala mtoto. Rafiki yake James Wilson alikusanya maandishi yake na kuyachapisha mwaka 1761.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, umaskini si kilema. Robins hakuwa na chuo wala maabara ya gharama. Alikuwa na ubao, utepe na karatasi. Sisi tunaolalamika kwamba maabara yetu haina vifaa, tumejaribu kutumia hivyo tulivyo navyo?

Pili, tusikubali jambo kwa kuwa kila mtu analisema. Watu walisema hewa si kitu. Yeye akapima.

Tatu, na hapa ndipo penye mfupa mgumu, wenzangu. Mtoto aliyezaliwa kwa watu wanaokataa vita alikua akawafundisha wenye vita namna ya kupiga vizuri zaidi. Alipokuwa mtu mzima alikuwa ameyaacha madhehebu ya wazazi wake. Je, alikosea? Kuna atakayesema kwamba maarifa hayana hatia, kwamba hesabu ile ile inasaidia kurusha ndege za abiria na kuelewa mpira. Kuna atakayesema kwamba mtu anayenoa kisu lazima aulize kitakata nini. Mimi naona wote wana haki ya kusikilizwa, lakini naelemea upande wa huyu wa pili. Hewa ilimjibu Robins kila swali alilouliza, ila swali la risasi ile iende wapi haikuwa kazi ya hewa kulijibu. Hilo ni letu sisi watu, na wengi wetu humu shuleni tutakuwa wahandisi na wanasayansi kesho. Tujiandae kwa Fizikia, lakini pia tujiandae kwa swali hilo. Elimu bila utu ni kama risasi bila mlengaji: itapiga popote.